Kadi ya Barasa

Siku ya tatu baada ya kumzika mama nilirudi Makongeni kufungasha vitu vyake, na katika sanduku la bati chini ya kitanda nikavikuta vitambaa. Nilijua nitavikuta. Mama alifuma maisha yake yote. Alifuma akingoja maji yachemke, akingoja matangazo ya kanisa yaishe, akiningoja mimi nirudi kutoka nilikokuwa. Kulikuwa na vitambaa vya makochi, vya meza, vya redio, vya kufunikia jagi vyenye shanga pembeni, hata kimoja cha mtungi wa gesi. Chini kabisa, kimekunjwa mara nne na kuwekewa dawa ya nondo, palikuwa na kimoja cha rangi ya maziwa chenye pindo la buluu, kimefumwa kama koti lisilo na mikono, na mbele kimeachiwa tundu dogo la kupitishia kidole. Nilikaa kitandani nacho mapajani. Asubuhi hiyo Barasa alikuwa amenipigia simu kusema kwamba kazini hawakumpa ruhusa ya kuja mazishini, lakini angepita saa tisa kunipa pole. Sikuwa nimemwona Barasa kwa miaka kumi na tisa. Miaka hiyo yote nilikuwa na neno la kumwambia, na ningeweza kumtafuta kama ningetaka. Sikutaka. Sasa miguu yangu ilikuwa imevimba kwa safari ya kwenda na kurudi Bungoma, sauti imekauka kwa kushukuru watu, na nilijiona sina nguvu hata ya kuendelea kunyamaza.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nyumba ilikuwa hii hii, chumba na jiko, kama nyumba zote za wafanyakazi wa reli zilivyokuwa. Pazia la maua liligawanya chumba mara mbili: huku kitanda cha mama, huku makochi, ambayo usiku yaligeuka kuwa kitanda changu. Kompyuta yangu ilikaa kwenye kona baina ya kabati la vyombo na ukuta, juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ulisimama kwenye kipande cha tofali. Ilikuwa ya mezani, ya vipande vipande, skrini ya huku na kibodi ya kule, na lile sanduku lake kubwa la chuma tuliloliita sipiyu lilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni. Nilikuwa nimemaliza kozi ya kuchora ramani za nyumba, na kulikuwa na ofisi moja ya wasanifu majengo mjini iliyonipa jaribio. Walitaka filamu ya dakika mbili ya nyumba ambayo bado haijajengwa: mgeni aingie langoni, apite sebuleni, apande ngazi, atokee roshani. Nikiileta kabla ya mwisho wa Agosti na ikawapendeza, ningeajiriwa. Nisipoileta, wapo wengine kumi waliokuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimeshatuma barua za kuomba kazi mpaka karani wa posta akawa ananisalimia kwa jina, kwa hiyo jaribio hilo nililishika kwa mikono miwili.

Kompyuta yangu haikuweza kazi hiyo bila kadi ya grafiki, kile kipande cha ndani ambacho kazi yake ni kuichorea skrini picha nzito. Aliyenitafutia ni Barasa. Tuliimba naye kwaya moja tangu shule ya Jumapili, yeye besi, mimi sauti ya pili. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta kule Makadara, karibu na mahakama, ubavuni mwa mama mmoja aliyewapigia watu chapa hati zao. Watu wenye kesi walipenda kukaa kwenye benchi lake wakingoja kuitwa, hivyo ukienda kwa Barasa ulisikia habari za mashamba, za talaka, za ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani, huku yeye ameinama na bisibisi, hasemi kitu. Alikuwa mtu wa kutoharakisha. Akifungua mashine yako, skrubu alizipanga kwenye karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, na kila moja ilirudi kwenye tundu lake. Siku aliyonipatia kadi alikuja nayo mwenyewe, ameifunga kwa gazeti.

"Niaje, Nekesa. Nimekupatia kitu safi," alisema. "Imetumika, lakini haijachoka. Imetoka kwa kontena, Eastleigh. Nimeitesti siku mbili kabla nikuletee."

Mama alifurahi kuliko mimi. Kwake kompyuta ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, imekwisha kufika nyumbani, imebaki tu kuitwa. Wiki hiyo hiyo akaanza kukifuma kile kitambaa. Akalipima sipiyu kwa uzi, urefu, upana na kina, akaniuliza kitufe cha kuwashia kiko wapi ili akiachie tundu, akafuma wiki tatu miwani ikiwa imemteremkia puani. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua wakati huo. "Hii kitu haiwezi kukaa uchi kwa nyumba ya watu," alisema. "Vumbi ya Jogoo Road itaingia mpaka kwa roho yake." Alipokivisha, kikakaa sawasawa, pindo la buluu likagusa meza. Akarudi nyuma kukitazama, akacheka peke yake. Wanawake wa ushirika wa kanisa walipokuja Alhamisi walikipapasa kwa vidole, na mmoja wao akaagiza cha kwake ingawa hakuwa na kompyuta.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, ingawa wakati ule sikuona kwamba ndipo ilipoanza. Ningewasha, dakika kumi za kwanza nyumba yangu ilizunguka kwenye skrini vizuri kabisa. Halafu ingeanza kusita. Mlango ungefunguka nusu na kuganda, mgeni wangu angepanda ngazi mbili, akasimama, akaruka hadi ya sita. Feni ndani ya sipiyu ingelia kwa sauti ya juu kama inayolalamika, na picha moja iliyopaswa kutoka kwa dakika tatu ingechukua ishirini. Nilikula ugali na mrenda mbele ya skrini nikihesabu picha zilizotoka. Mama alipita na kikombe, akainama, akauliza, "Mgeni amefika juu?" Nami nilijibu bado, yuko kwenye ngazi.

Nilimpelekea Barasa. Nililifunga sipiyu kwa blanketi, nikalibeba kichwani kutoka Makongeni hadi Makadara, na kitambaa nikakiacha nyumbani juu ya kochi kisichafuke. Barasa akafungua ubavu, akaliwasha, akaiacha filamu yangu itembee mchana kutwa. Haikusita hata mara moja. Watu wenye kesi walimtazama mgeni wangu akipanda ngazi na kushuka, na mzee mmoja akauliza kiwanja hicho kiko wapi. Nikalirudisha nyumbani, mama akalivisha, na kabla chai haijapoa mgeni akaganda mlangoni. Nikalipeleka tena. Barasa akaifungua kadi, akaitoa feni yake, akaisafisha, akaipaka upya ile dawa ya kijivu inayosaidia joto litoke. Likawa zima. Nyumbani, bovu. Akabadilisha kisanduku cha umeme cha ndani. Kwake zima, kwangu bovu. Akasema labda umeme wa nyumba zetu ni dhaifu, akaja siku moja na kidude cha kupimia, akapima kila soketi. Siku hiyo mama alikuwa wa kwanza kukivua kitambaa na kukikunja, kwa sababu mikono ya fundi ina grisi, akakiweka kabatini. Barasa akafungua ubavu, akawasha, akakaa saa mbili akila mandazi. Mashine haikukosea hata kidogo.

"Ikimwona fundi inapona," mama alisema, "kama mtoto aliyepelekwa hospitali."

Barasa hakucheka. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi. "Kuna kitu siioni," alisema. "Iko hapa na siioni. Nipe muda, Nekesa." Muda ndio nisiokuwa nao. Tulikuwa tumeingia Agosti na mgeni wangu hajafika roshani. Nikifikiria leo, mle chumbani tulikuwa watu watatu, na kila mmoja alifanya kazi yake kwa bidii. Hakuna aliyezembea. Ndiyo maana nachoka nikiukumbuka mwaka huo. Ungekuwa uzembe, ningejua pa kukasirikia.

Mama Truphosa, jirani wa nyumba ya tatu na katibu wa ushirika wa akina mama, ndiye aliyelitia neno. Nilikuwa nyuma ya pazia, wao wako jikoni wanachambua mboga. "Mafundi wa siku hizi mimi nawajua," alikuwa akisema. "Anakutestia na kadi nzima, anakufungia mbovu. Ukirudi, anabadilisha tena. Wewe unaona mashine iko sawa kwake tu, si unaona?" Mama akasema Barasa ni mtoto wetu, amelelewa kanisani. "Haya," akajibu Mama Truphosa. "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilitaka kucheka lakini sikucheka. Maneno yake yalikuwa na maana. Yalieleza kila kitu, na mimi nilikuwa nimekaa miezi miwili bila mtu wa kunieleza chochote.

Basi nikafanya ujanja ambao mpaka leo unanichoma. Nilichukua rangi ya kucha, nyekundu, nikaitia kadi nukta moja pembeni, mahali ambapo mtu asiyetafuta hataiona. Nikampelekea Barasa sipiyu, nikamwachia siku mbili. Liliporudi nikafungua ubavu kwa haraka hata sijavua viatu. Nukta haikuwepo. Kadi ilikuwa safi inang'aa, bila doa. Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi, nikahisi, nasema kweli, kama mtu aliyepata nafuu.

Jumapili baada ya ibada mama alimwalika chai, kama desturi. Mama Truphosa alikuwepo. Kulikuwa na chapati, na chai ya maziwa ndani ya birika lile la maua. Sikumngoja Barasa amalize kikombe. Nilimwambia mbele ya wote kwamba kadi aliyonirudishia siyo niliyompelekea, kwamba nilikuwa nimeitia alama na alama haipo, kwamba amekuwa akinichezea na kazi yangu inapotea. Barasa akaweka kikombe mezani. "Alama gani?" akauliza. Nikamwambia rangi ya kucha. Akafumba macho.

"Niliosha kadi yote na spiriti," alisema. "Nilidhani kuna uchafu kwa njia za umeme. Nekesa, niliosha kila mahali. Kadi ni ile ile."

"Heh!" akaguna Mama Truphosa, akaiangalia dari.

Barasa akamgeukia mama. Yeye ndiye aliyetegemewa kusema, kwa sababu nyumba ni yake. Mama alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha meza, anakisokota. "Barasa, mwanangu," alisema mwishowe, "kama ulikosea, sema tu. Hapa hatufukuzi mtu." Barasa akasimama. Akasema asante kwa chai, mama, akatoka, na chai yake ikabaki pale ikifunga utando wa maziwa. Sipiyu lilikuwa pale kwenye kona nyuma ya kiti chake, limevikwa koti lake la Jumapili. Lilikuwa zima wakati wote huo, na limefunikwa.

Habari ilifika kanisani kabla ya Alhamisi. Barasa ndiye aliyekuwa akishughulikia vipaza sauti vya kanisa na funguo za stoo alikuwa nazo yeye. Akaambiwa kwa upole azikabidhi, kwamba wengine nao wapewe nafasi ya kutumika. Akaacha kuja kwaya. Nilisikia Mama Truphosa akimwambia mtu kwenye foleni ya maji, "Lisemwalo lipo," nikapita na ndoo yangu kama sikusikia.

Wiki ya tatu ya Agosti mama alifua vitambaa vyote vya nyumba, kwa sababu ushirika wa parokia nzima ungefanyika kwetu. Kamba ya nje ilijaa kuanzia mlango wetu hadi kwa Mama Truphosa. Siku hiyo niliwasha mashine asubuhi bila tumaini, nikaenda kumsaidia kukamua. Niliporudi mgeni wangu alikuwa juu ya ngazi. Nikavuta kiti. Akafungua mlango wa chumba cha kulala, akapita, akatokea roshani, na ile miti niliyoihangaikia wiki mbili ikatikisika na upepo. Saa nane mchana picha zilikuwa zinatoka moja kwa dakika tatu, bila kusita, na mimi nalia na kucheka. Mama akaingia na vitambaa vilivyokauka, vyenye joto la pasi. Akavisha makochi. Akavisha redio. Akavisha sipiyu, akalainisha pindo, akarudi jikoni kupika chapati. Sijui alikuwa amefika chapati ya ngapi nilipoisikia feni ikianza kulia. Mgeni akaganda. Nikautia mkono chini ya kitambaa, upande wa nyuma, kwenye matundu ambako joto hutokea, nikautoa mara moja kama niliyegusa sufuria.

Nilikivua polepole. Nikakaa nimekishika. Dakika chache baadaye feni ilishuka sauti na mgeni akaendelea na safari yake. Mama alichungulia, akauliza kwa nini nimeivua nguo. Nikasema napenda kuiangalia inavyofanya kazi. "Haya," akasema, "lakini ukizima, funika." Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Nilimaliza filamu siku nne kabla ya mwisho wa mwezi. Ofisi ile ikaniajiri, na kazi hiyo ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto mpaka leo.

Kwa Barasa sikwenda. Kwanza nilijiambia nimalize filamu. Kisha nikajiambia nikimwambia itabidi nimwambie na mama, na mama atajua kwamba wiki tatu za macho yake ndizo zilizomfukuza mtoto wa watu mezani pake. Hiyo ilikuwa sababu nzuri, niliipenda, niliitumia miaka mingi. Lakini ya kweli ilikuwa ndogo kuliko hiyo: niliona aibu kusema kwamba nilikuwa nimekosea mbele ya Mama Truphosa. Nilipojikaza siku moja mwezi wa kumi na moja nikaenda Makadara, kwenye kibanda palikuwa na mtu anauza soksi. Mama wa kupiga chapa akaniambia fundi ameacha kazi hiyo. Nikarudi nyumbani. Niliona nimejaribu.

Saa tisa na dakika chache Barasa alibisha. Nywele zilikuwa zimepungua, mwili umeongezeka, ameshika mkate na pakiti mbili za maziwa, kama mtu anavyokwenda matangani. "Pole sana, Nekesa. Mama alikuwa mama," alisema. Tukakaa katikati ya maboksi. Nikampikia chai kwa birika lile lile, kwa sababu lilikuwa bado halijafungwa. Akaniambia ni mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni, Industrial Area, mwaka wa kumi na nane sasa, ana watoto watatu. Nikamuuliza kama bado anatengeneza mashine, hata za nyumbani.

"Hapana," alisema. "Hata simu ya bibi yangu ikiharibika napeleka kwa fundi." Akapuliza chai. "Unajua, ile kadi yako niliichunguza mpaka mwisho. Kila kitu. Nikiwa nalala nilikuwa naiona. Mimi nilijua sijabadilisha. Lakini ilikuwa na shida na sikuiona, na wewe ukakosa kazi kwa sababu yangu. Nikajiambia, Barasa, kama huwezi kuona kitu iko mbele yako, wewe si fundi. Unadanganya watu tu."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Nilinyoosha mkono nikakichukua kile kitambaa kitandani, nikakiweka mezani mbele yake, nikamwambia yote: kamba ya nguo, feni, mkono wangu chini ya kitambaa, roshani, na kwamba kazi niliipata. Nikamwambia nilijua tangu Agosti ile ile. Sikumwambia ile sababu yangu nzuri. Barasa alikikunjua kitambaa. Akatia kidole kwenye lile tundu la kitufe, akakitoa. Aligeuza upande wa nyuma, mahali ambapo mama alikuwa amefuma bila kuacha nafasi hata kidogo, akaushika ule upande kwa kiganja, kama anayepima joto lililokwisha kupoa zamani.

"Kwa hivyo kadi ilikuwa nzima," alisema.

"Ilikuwa nzima."

"Na mikono yangu haikuwa na makosa."

"Haikuwa nayo, Barasa."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole, akitazama sakafu. "Mama alijua?"

"Hakujua."

"Sawa. Mama hana kosa. Mama alifunika tu." Akakikunja kitambaa mara nne, kama kilivyokuwa, akakirudisha upande wangu wa meza. Kisha akainua kikombe akanywa chai yote, mpaka makapi, akakiweka chini.

"Mama Truphosa bado yuko hai?" akauliza.

"Yuko. Nyumba ya tatu. Macho yamekwisha lakini masikio yapo."

Barasa akasimama, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Basi twende ukamwambie," alisema.

Nikainama kutafuta viatu vyangu.